TAHADHARI: Muuzaji wa kamera za lenzi mbili na filamu za 120 mwenye "studio ya marehemu babu"

Ndugu wapenzi wa filamu,

Ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza kamera za zamani za filamu ya 120 (ile pana yenye mgongo wa karatasi), ambaye mwezi wa tatu aliniuzia Yashica Mat-124G mbovu kwa shilingi 720,000, pamoja na filamu tano alizodai kuwa ni mpya. Sitaji jina lake, kwa kuwa jina lililokuwa kwenye tangazo halikuwa lile lililotokea kwenye simu nilipotuma fedha, na tangu wakati huo nimemwona akitumia jina la tatu. Atakayemtafuta kwa jina hatampata, lakini namna yake ya kuuza haibadiliki, na ndiyo ninayotaka muijue.

Tangazo lake huanza na hadithi. Kamera, anasema, ni mali ya marehemu babu yake aliyekuwa na studio Moshi. Imekaa kabatini tangu mzee afariki, na familia imeona ni afadhali impate mtu atakayeithamini. Hadithi hiyo inavutia kwa sababu inafanana na mambo ya kweli. Kamera za lenzi mbili zilifanya kazi katika studio nyingi za miji yetu, na mtu anayejua habari za Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza kule Unguja mwaka 1930, akisikia neno studio moyo humlainika. Wangu ulilainika. Wiki chache baadaye nilikuta tangazo lake jingine, na humo babu yuleyule alikuwa na studio Iringa.

Kilichonimaliza, hata hivyo, ni video. Kwa asiyezifahamu kamera hizi, Yashica hii ina lenzi mbili zilizopandana. Ya juu, yenye tundu la 2.8, hupeleka taswira kwenye kioo ambacho mpiga picha hukitazama kwa kuinama. Ya chini, yenye tundu la 3.5, ndiyo inayopitisha mwanga hadi kwenye filamu. Katika video aliinua kifuniko cha juu, akaielekeza kamera kwenye kichaka cha asumini, na kile kioo kikajaa maua meupe yaliyotulia, safi, yenye ukali wa kupendeza. Niliyatazama maua yale mara tatu nikasema lenzi ni nzima. Kumbe lenzi niliyokuwa nikiikagua ni ile isiyohusiana na filamu hata kidogo. Ya chini ilionekana kwa sekunde mbili tatu, kutoka mbali, huku mng'ao wa dirisha ukiwa umeifunika. Nimepiga picha za filamu kwa miaka sita na bado jambo hilo lilinipita, kwa hiyo sioni aibu kulieleza kwa kirefu.

Kifurushi kilifika Tanga kwa basi siku ya pili. Nilifungua mlango wa nyuma wa kamera, nikaweka kasi ya shata, yaani pazia linalofungua na kufunga njia ya mwanga, kwenye B, ambapo hubaki wazi kadiri kitufe kinavyoshikiliwa, nikafungua tundu la lenzi hadi mwisho, nikashikilia kitufe na kumulika tochi ya simu kutoka mbele. Kuvu ilikuwa imetanda ndani ya lenzi ya chini kama utando wa buibui, ikianzia ukingoni na kukaribia katikati, na upande mmoja kulikuwa na doa la mviringo lenye ukubwa wa punje ya mtama. Sisi wa pwani tunaijua kuvu, kwa sababu joto na unyevunyevu wetu huilea vizuri kuliko tunavyolea kamera zenyewe. Fundi aliyeifungua aliisafisha, lakini alama zimebaki, kwani kuvu ikikaa muda mrefu hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na tabaka likishaliwa hakuna kitambaa kitakacholirudisha. Picha ninazopiga nikielekea kwenye mwanga mkali hutoka zimepauka.

Shata nayo ina kisa chake. Kasi za kamera hii huanzia sekunde 1 hadi 1/500, na katika video muuzaji alibonyeza kitufe mara nne, kila mara ukasikika mlio mkavu, mfupi, wa kuridhisha. Niliporudi kuitazama video hiyo kwa makini niligundua kwamba hakushuka chini ya 1/125 hata mara moja. Kasi za polepole hutegemea magurudumu madogo yenye meno, mfano wa yale ya saa ya mkononi, na mafuta yake yakikauka kwa kukaa bila kutumika, hizo ndizo hukwama kwanza. Nilipoiweka kwenye sekunde 1, shata ilifunguka ikabaki wazi mpaka nilipoigonga kamera ubavuni kwa kiganja. Wakati huo maelezo ya tangazo yalisema imefanyiwa "matengenezo kamili".

Aliniambia pia kwamba sindano ya kipima mwanga inacheza, na kwamba herufi G maana yake ni dhahabu. Sindano inacheza kweli, ila kipima mwanga hicho kiliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na ukiweka ya kisasa ya volti 1.5 inaweza kucheza kwa furaha na kukupa kipimo kisicho sahihi. Dhahabu yenyewe ni ile iliyopakwa kwenye viunganishi vya umeme ndani ya kamera, wala haiongezi thamani ya kumfanya mtu apandishe bei.

Kuhusu filamu, nilijiona mjanja kununua tano kwa pamoja. Kila kisanduku kilikuwa na kibandiko cheupe kilichochapwa tarehe ya mwisho ya matumizi, kikiwa kimebandikwa kwa unadhifu mkubwa. Nilipokiloweka cha kwanza kwa maji ya vuguvugu kikaachia, na chini yake ilikuwapo tarehe ya kiwandani: mwaka 2003. Sina ugomvi na filamu iliyopitwa na muda. Mimi mwenyewe huzinunua, huziongezea mwanga kidogo na kuzifurahia rangi zake zisizotabirika, mradi nimejua ninachonunua na bei imezingatia hali hiyo. Hizi niliuziwa kwa bei ya mpya, nikaingiza moja kwenye kamera kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Filamu ya 120 hutoa picha 12 za mraba kwenye Yashica. Zote 12 zilirudi kutoka kusafishwa zikiwa na ukungu wa kijivu, na bibi harusi anaonekana kama amesimama nyuma ya chandarua.

Nilipomwandikia, kwanza alijibu kwa upole kwamba pengine basi liliitikisa kamera. Nilimweleza kwamba kuvu haisababishwi na matuta ya barabarani. Ndipo akasema niliinunua "kama ilivyo", akanifungia mawasiliano. Jambo jingine nililotakiwa kuliona mapema ni kwamba namba iliyochongwa kwenye kamera niliyopokea si ile inayoonekana kwenye picha za tangazo. Yaani aliipiga picha kamera moja akatuma nyingine.

Sasa anatangaza kamera nyingine, Hasselblad 500C/M, na hii ndiyo iliyonifanya niandike leo badala ya kungoja. Anadai ni ya miaka ya tisini, miongoni mwa za mwisho kutengenezwa. Hasselblad wa zamani walificha mwaka wa utengenezaji katika herufi mbili zinazotangulia namba, wakitumia neno VHPICTURES, ambamo V ni 1, H ni 2, na kuendelea hivyo hadi S ambayo ni 0. Picha ya nne ya tangazo lake inaonyesha namba inayoanza na UT. U ni 7 na T ni 6, kwa hiyo mwili huo ni wa mwaka 1976. Kamera ya mwaka 1976 inaweza kuwa nzuri sana, lakini aliyekosea miaka isiyopungua kumi na minne kwa faida yake hakukosea. Kwenye kasha la filamu nako, namba ya ganda la nje hailingani na ile ya sehemu ya ndani, dalili kwamba vimeokotwa huku na huku vikaunganishwa.

Kama kuna ambaye tayari anazungumza naye, amwombe video moja isiyokatwa inayoonyesha namba ya kamera, kisha mlango wa nyuma ukiwa wazi na tochi ikimulika ndani ya lenzi inayopiga picha, kisha kasi zote zikipigwa kuanzia sekunde 1. Mimi nilimwomba hivyo kwa namba ya simu ya rafiki yangu, nikijifanya mnunuzi wa Hasselblad. Alinijibu kwamba tochi "inaharibu lenzi", akaomba nusu ya fedha kwanza ili asiiuze kwa mwingine.

Nimekwisha kuripoti polisi na nimepewa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, na namba zake za simu nimezituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Wenzetu wawili, mmoja wa Dodoma na mwingine wa Morogoro, wameniandikia kwamba walipata kifurushi chenye mwandiko uleule wa wino wa kijani. Yeyote mwingine aliyelipa, naomba asiutupe mfuko wa basi wala stakabadhi yake, na asifute ujumbe wa malipo. Afike kituo cha polisi kilicho karibu naye, kisha aniandikie ili malalamiko yetu yaunganishwe.