Nobu ya gia kwa Subaru, Altezza na wenzake: ipi ununue, ipi uiache dukani

Impreza ya mwaka 2003 inaweza kupigwa rangi upya, ikafungwa taa mpya na kuoshwa viti, lakini nobu ya gia, kile kishikio cha juu ya fimbo, itakusomea umri wake: ngozi imechunika pale kiganja kinapokaa, mshono umefumuka, namba za gia zimefutika zimebaki kivuli. Ndiyo maana wenye magari ya manyuo, yaani ya gia za mkono, huibadilisha mapema. Na ndiyo spea wanayoinunua ovyo kuliko zote, kwa kuwa ni ndogo na inaonekana rahisi. Zunguka maduka ya Gerezani kule Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaonyeshwa nobu nyekundu, za kung'aa, zenye nembo za timu za mbio ambazo hazijawahi kuzigusa. Muuzaji atakuambia, "Hii inaingia gari zote, bosi." Hakuna nobu inayoingia gari zote.

Uzi kwanza, sura baadaye

Fimbo ya gia ya magari mengi ya Kijapani ina uzi juu, ile michirizi kama ya skurubu, na kila kampuni ina uzi wake. Subaru na Toyota ni M12x1.25, yaani unene wa milimita 12, na milimita 1.25 kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Impreza, Altezza, Chaser, hata Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, zote zimo humo. Nissan, Mazda na Mitsubishi kwa sehemu kubwa ni M10x1.25: Silvia, MX-5, RX-8, Lancer Evolution. Honda ni M10x1.5, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Nobu ya Honda ukiijaribu kwenye fimbo ya Mazda huanza vizuri, mzunguko mmoja, mmoja na nusu, halafu hukaza. Mwenye haraka anachukua plaizi. Kinacholiwa hapo ni uzi wa fimbo, na fimbo haiuzwi bei ya nobu.

Mwenye Subaru ana njia nyepesi ya kujihakikishia. Boliti za magurudumu ya Subaru nazo ni M12x1.25, sawasawa na fimbo yake ya gia. Nunua boliti moja, itie mfukoni, na ukifika dukani ijaribu kwenye kila nobu unayopewa. Inatakiwa izunguke kwa vidole viwili, bila kulazimishwa, mpaka ndani kabisa. Mwenye Altezza asitumie boliti ya gari lake: magurudumu ya Toyota ni M12x1.5, wakati fimbo ni M12x1.25. Akaazime ya jirani mwenye Subaru au Nissan.

Halafu kuna rivasi. Impreza STI ya gia sita, Toyota 86 na BRZ zina pete chini ya nobu. Unaivuta juu kwa vidole ndipo rivasi inakubali kuingia. Nobu ndefu au pana upande wa chini huizuia pete isipande, na habari hizo utazipata ukiwa umebanwa kwenye maegesho, nyuma kuna mtu anapiga honi. Vuta pete mpaka juu, tia alama ya kalamu kwenye fimbo, na nobu mpya isishuke chini ya alama hiyo. Gari lako kama halina pete, ruka.

Uzito

Chukua mpira wa kipenyo cha milimita 50, kabla haujatobolewa. Ukiwa wa plastiki ngumu aina ya POM utakuwa na takriban gramu 92. Alumini, 177. Titani, karibu 295. Chuma cha pua, zaidi ya 500. Sura ni ileile, lakini mkono unapokea vitu vinne tofauti.

Nobu nzito ikishaanza kwenda haitaki kusimama, kwa hiyo inaisaidia fimbo kuvuka pale sinkronaiza, kifaa cha giaboksi kinachosawazisha mwendo wa gia, inapoikinga kidogo kabla gia haijaingia. Gia inaonekana kuingia yenyewe. Honda wenyewe walilitumia hilo: Civic Type R ya mwaka 2020 ilipewa nobu yenye kizito cha gramu 90 ndani. Porsche waliokuwa wakikimbiza gari lao la 917 kwenye mbio za Le Mans walikwenda kinyume kabisa, wakaweka nobu ya mbao nyepesi kuokoa gramu, na baadaye gari lao la barabarani, Carrera GT, likapewa nobu ya mbao kwa kumbukumbu hiyo. Kwa gari la kwenda kazini Jumatatu na kupanda milima Jumamosi, mimi naegemea upande wa uzito wa wastani, gramu 150 hadi 300. Zaidi ya hapo giaboksi iliyochoka inaanza kufichwa makosa yake: gia inayokwaruza utaisukuma tu iingie, na hutajua sinkronaiza imekwisha mpaka fundi akufungulie.

Angalia na urefu. Fimbo ya sentimita 20 ukiiongezea 2 kwa nobu ndefu, mwendo wa mkono unaongezeka kwa asilimia kumi. Nobu fupi inapunguza mwendo lakini inataka nguvu zaidi. Watu hununua fimbo fupi ya bei kubwa, kisha wanaifunga nobu ndefu juu yake. Sijui walikuwa wanatafuta nini.

1. Plastiki ngumu ya POM

Utaikuta kwa majina ya Duracon au Delrin, kutegemea nani kaitengeneza. Nyeusi au nyeupe, ya duara au kama yai, haina makeke. STI na Nismo, vitengo vya mbio vya Subaru na Nissan, wameziuza miaka mingi. Naiweka ya kwanza kwa sababu moja kubwa, nayo ni jua. Acha gari Mombasa au Dar saa saba mchana, vioo vimefungwa, kisha rudi ushike nobu ya chuma. POM haipitishi joto kirahisi, hivyo unaikamata na kuondoka. Haichuniki, haifyonzi jasho, na ikichakaa inang'aa kidogo tu pale kiganja kinaposugua.

Kasoro yake ni wepesi. Mwenye kupenda nobu nzito hataridhika. Na zipo za bandia, plastiki ya kawaida iliyomiminwa: igeuze, pitisha ukucha ubavuni. Ukikuta mstari ulioachwa na kalibu unazunguka mpaka chini, na tundu lina kuta nyembamba zenye uwazi ndani, irudishe.

2. Ya kiwandani, kutoka gari kubwa zaidi la ukoo huohuo

Kwa bajeti ndogo hii ndiyo ya kukimbilia. Impreza WRX ya kawaida inapokea nobu ya STI, kwa kuwa uzi ni mmoja. Magari yaliyokatwa Japani na kuletwa kama spea huja na nobu zake, na wauzaji wengi hawazithamini kama injini au giaboksi. Uzuri wake ni kwamba imetengenezwa kwa fimbo ileile, urefu ni sahihi, na hakuna kubahatisha. Itazame ngozi pale juu na mshono wa upande wa dereva (kwa gari la usukani wa kulia, ni ubavu wa kulia wa nobu). Ngozi ikiwa kavu lakini haijapasuka, itapona kwa mafuta ya ngozi. Ikiwa inanata, ina jasho la mwenzako, iache.

3. Chuma cha pua

Nobu ya kufurahisha kuliko zote, na ingekuwa namba moja kama tungeishi mahali pa baridi. Kabla hujanunua, zima gari, tia gia ya tatu, shika fimbo uitikise kulia na kushoto. Ikicheza sana, bushi zimekwisha. Fedha ya nobu ipeleke huko kwanza, kwa sababu nusu kilo juu ya fimbo iliyolegea itakuwa inayumba kila ukipita matuta. Bushi zikiwa nzima na giaboksi haijachoka, chukua ya gramu 300 hadi 400, na weka kitambaa kwenye mlango cha kuifunika ukiegesha juani.

4. Ya kukerezwa

Fundi wa kerezo anaweza kukuchongea nobu ya shaba nyeupe, chuma au nailoni siku hiyohiyo, kwa kipimo cha kiganja chako. Tatizo halipo kwenye kuchonga, lipo kwenye uzi. Karakana nyingi zina kichonga uzi cha M12x1.75, ule wa boliti za kawaida, na fundi atakuambia "hii ndiyo M12" kwa dhati kabisa. Mwachie ile boliti ya gurudumu aifanyie kipimo, na asitoboe mpaka amekuonyesha kichonga uzi kilichoandikwa 1.25. Wenye Honda wana bahati, M10x1.5 ni uzi wa kawaida na kila karakana inao.

5. Alumini na titani

Alumini inapendeza, lakini joto inalipokea haraka na uzito haina. Titani ilipata jina kupitia Honda, waliyoiweka kwenye Integra Type R ya 1995. Tatizo ni kwamba nyingi ya zile za rangi ya bluu na zambarau ni alumini iliyopakwa. Sumaku haitakusaidia, hainasi yoyote kati ya hizo mbili. Mizani ya jikoni itakuambia: kwa ukubwa uleule, titani inazidi alumini kwa zaidi ya nusu.

Usinunue: ile ya kipira na skurubu tatu

Ndiyo ile ya "gari zote". Ndani kuna kipira laini, ubavuni skurubu tatu ndogo za kubana. Haishiki uzi, inaubana tu. Joto linalainisha kipira, skurubu zinachimba uzi wa fimbo, na siku unashuka kutoka gia ya nne kwenda ya tatu, nobu inabaki mkononi.

Kufunga

Ya zamani huzunguka kinyume cha saa. Ikigoma, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele dakika chache kisha izungushe kwa kitambaa cha mpira, plaizi hapana. Mpya ikikaza huku namba zimetazama pembeni, usiiongezee nguvu: tumia nati ya pili chini yake ya kuizuia isizunguke, ikaze kuelekea juu. Gundi ya nati ya bluu, tone moja, inatosha. Supa gluu itakugharimu fimbo nzima siku ya kuitoa.

Nobu nyingi za Japani huja na stika ya mchoro wa gia, kwa sababu ukaguzi wa magari kule unadai mchoro uonekane. Ibandike hata kama wewe hauhitaji. STI ya gia sita ina rivasi kushoto juu, kando ya gia ya kwanza, na kijana wa kuosha magari aliyezoea ya gia tano ataitafuta kulia chini, ambako kwako kuna gia ya sita.