Kokeshi wa Naruko: mwanasesere anayelia shingoni

Kokeshi, yaani mwanasesere wa mbao wa Kijapani, ninayemzungumzia hapa ana kimo cha sentimita 18, na nilimnunua kwa yeni 4,500 katika karakana ya mkereza mmoja (fundi achongaye mbao zikiwa zinazunguka) huko Naruko, mji wa chemchemi za maji ya moto katika mkoa wa Miyagi, kaskazini-mashariki mwa Japani. Hana mikono wala miguu. Ni kichwa cha mviringo juu ya kiwiliwili kilichobonyea kidogo kiunoni, vyote vya mti mweupe uitwao mizuki, ambao hukaushwa kwa miezi mingi kabla ya kukerezwa ili usije ukapasuka.

Thamani yake yote, kwa maoni yangu, iko shingoni. Ukimzungusha kichwa hutoa mlio mwembamba, kyu-kyu, ambao wenyeji huufananisha na kilio cha mtoto mchanga. Nilibahatika kumwona fundi akiunganisha: kiwiliwili kikiwa bado kinazunguka kwenye kerezo, alikielekeza kikonyo cha kichwa kwenye tundu jembamba kidogo kuliko kikonyo chenyewe, akasukuma kwa nguvu zake zote hadi msuguano ukatia mbao joto, kikazama ghafla kwa mlio mkavu, na tangu hapo hakichomoki. Hakutumia hata tone la gundi.

Maua mekundu ya krisanthemamu aliyachora kwa brashi, mkono mtupu, kisha akapaka nta. Macho ni vistari vyembamba tu. Mwanzoni nilidhani mwanasesere wangu anasinzia, sasa naona ananisikiliza. Chini ya kitako fundi ameandika jina lake, kama ilivyo desturi ya wakereza hawa, ambao watangulizi wao walichonga mabakuli na sinia kabla ya kuanza, katika karne ya 19, kuwauzia wageni wa chemchemi vichezeo vya watoto.

Kasoro zipo. Rangi haipatani na jua: nilimweka dirishani miezi mitatu, na upande mmoja wa maua umekwisha kufifia. Maelezo aliyofungiwa nayo ni ya Kijapani pekee.

Hata hivyo sijutii bei, hasa nikimlinganisha na kokeshi wa nusu ya gharama hiyo niliyeuziwa awali katika duka moja la zawadi kituoni, ambaye kichwa chake kilikuwa kimegandishwa kwa gundi bila mimi kuambiwa. Kwa hiyo, akiitwa wa Naruko, omba ruhusa ya muuzaji, umzungushe kichwa taratibu, na usilipe kabla hujamsikia akilia.