Kichwa kipya cha filta ya dizeli kwenye Hilux ya 3L: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Kwa zaidi ya mwaka mzima Hilux yangu ilikuwa na tabia moja. Nikiiegesha pua ikitazama mlimani, asubuhi haiwaki. Nikiigeuza pua itazame barabarani, kule uwanja wetu unakoteremkia, inawaka stata ya pili. Mama watoto ndiye aliyeligundua hilo. Mimi nilikuwa nalaumu baridi tu.

Na baridi ya Njombe mwezi wa saba kweli si ya kusingiziwa. Gari ni LN106, ile ya zamani yenye injini ya 3L, cc 2779, haina tabo wala kompyuta. Kazi yake ni viazi kutoka shamba, magunia ya lumbesa, barabara za vumbi. Saa kumi na mbili asubuhi stata inalia, inalia, inaanza kuvuta pumzi. Watoto wamesimama kibarazani na mabegi ya shule. Tunasukuma.

Fundi wa kwanza akasema pampu ya dizeli imekwisha, ifunguliwe na kupelekwa mjini kwenye mashine ya kupimia. Wa pili akasema nozeli zote nne, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Kwa bei waliyonitajia ningeuza viazi vya msimu mzima nibaki na magunia matupu. Hakuna hata mmoja wao aliyenyanyua kichwa aangalie bomba la moshi wakati stata inazunguka. Ingewasaidia sana. Stata ikizunguka na bombani hakutoki moshi hata chembe, ujue dizeli haifiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe unaochoma macho, dizeli inafika ila haiungui, hapo ndipo uanze kushuku hita, zile plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Langu lilikuwa halitoi kitu.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, dereva mstaafu wa malori. Jumamosi moja alinikuta nimeinama kwenye boneti na spana mkononi, nimekwishaweka mawe kwenye matairi kana kwamba nakwenda kufungua injini nzima. "Kamwene, mwanangu. Unafungua nini na hujui ugonjwa?" Akarudi kwake, akaja na kipande cha mpira mweupe unaoonyesha, ule mafundi ujenzi wanaojaza maji kupimia usawa wa msingi.

Tukachomoa mpira mweusi unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, tukaweka ule mweupe mahali pake, tukatoa hewa, tukawasha. Dizeli ikawa inapita na vipovu vidogo vidogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Mzee hakusema kitu. Akazima gari, akauhamishia ule mpira upande wa pili, kati ya bomba la tangi na filta. Tukawasha tena. Safi, hakuna povu hata moja. Maana yake dizeli inakuja nzima kutoka kwenye tangi, inaingia kwenye kichwa cha filta, kile kipande cha juu ambacho filta hufungwa chini yake, inatoka imechanganyika na hewa. Nilipobonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa hicho, kidole kikatoka kimelowa. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka. Gari likilala pua juu, tangi liko nyuma na chini, hewa inaingia hapo na dizeli yote inarudi ilikotoka usiku kucha.

Kichwa kipya nilimwagiza mpwa wangu Gerezani, Kariakoo, kikaja na basi. Alinipigia kuniambia viko vya aina tatu: vilivyotumika kutoka Japani, vya boksi lenye nembo, na vya boksi jeupe lisilo na jina. Cha nembo kilikuwa karibu mara tatu ya bei. Kilichotumika sikukitaka, nisije nikanunua mpasuko wa mtu mwingine. Nikachukua cha boksi jeupe na filta mpya juu yake.

Kukifunga hakukunichukua saa mbili, na nusu ya muda huo ilikuwa ni kutafuta nati iliyoangukia juu ya kinga ya injini. Kuna mambo mawili ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. La kwanza, ile sensa ya maji iliyo chini ya filta ya zamani unaihamishia kwenye filta mpya, na ina oringi yake. Mimi niliirudisha na oringi ya zamani iliyokwisha kukakamaa, ikavuja usiku huohuo. La pili, usitumie klipu za kukaza kwa bisibisi zile pana za mpira wa rejeta. Zinakata mipira myembamba ya dizeli. Tafuta klipu ndogo zinazobana mduara mzima.

Kutoa hewa ni kazi ya mtoto: bonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze na kugoma kushuka. Mara ya kwanza nilibonyeza kama mara arobaini. Ikishakaza, piga stata. Kama itazunguka bado haiwaki, legeza nati za mabomba kwenye nozeli moja baada ya nyingine, spana namba 17, mpaka dizeli itoke bila hewa, halafu kaza. Usiweke kidole mbele yake. Presha ya pale inapenya ngozi.

Miezi minane sasa gari linalala pua juu kwa makusudi na linawaka. Mafundi wale wawili wanapita hapa, tunasalimiana vizuri tu.

Kichwa chenyewe nakipa nne kati ya tano. Tundu moja la boliti lilikuwa halikai sawa na brakti, nikalipanua kwa tupa. Na springi ya pampu ya mkono ni laini kuliko ile ya zamani, inachelewa kurudi. Kuvuja, hakijavuja.

Kitu ambacho najuta kununua ni kile kichujio cha ziada chenye kikombe cha kuonea maji. Nilikifunga Jumamosi iliyofuata kwa sababu nilikuwa nimenogewa, na kwa sababu bado nina hofu ya miaka ile ya uchakachuaji, dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, kabla serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuchanganya kusiwe na faida. Kikombe kinapendeza, watoto wanakuja kukitazama. Lakini kinaongeza maungio mawili upande wa kuvuta, yaani kutoka tangi hadi pampu, na kila ungio upande huo ni mlango wa hewa. Wiki ya pili vipovu vikarudi. Nikakaza, vikaondoka, vikarudi. Ndipo nilipokaa chini nikaitazama filta yenyewe kwa utulivu: kumbe ina koki yake ya kutolea maji hapo chini, na sensa ile niliyoihamisha ina taa yake kwenye dashibodi. Waya wake ulikuwa umekatika tu. Nimeunga waya, nimekitoa kikombe. Kila nikibadilisha oili nalegeza koki, maji kidogo yanatoka, basi.

Hita nazo nilibadilisha zote nne. Hapo angalia volti kabla hujalipa, maana injini hizi za L zimetoka na mifumo tofauti. Ukifunga za volti 6 mahali panapopelekwa volti 12 moja kwa moja, ncha zinaungua, na ncha ikikatikia ndani ya silinda utaulizana na mfuko wako. Hita zenyewe zifungue injini ikiwa na joto, zisikukatikie.

Jani la springi la nyongeza nalo niliongeza, kwa ajili ya lumbesa. Gari likiwa na mzigo linakaa vizuri. Likiwa tupu linarukaruka kama mbuzi, na taa za mbele zinamulika miguu yangu mwenyewe. Sijui kama jani hilo nitaliacha.

Taiming belti, ule mkanda unaoendesha valvu zifunguke kwa wakati wake, sikuigusa, nilimpa fundi. Injini hii ina taa ya T-BELT ambayo huwaka kila kilomita 100,000, na yangu haikuwahi kuwaka tangu niinunue. Nilidhani ni baraka. Nilipofungua dashibodi kutafuta ule waya wa taa ya maji nikakuta balbu ya T-BELT haipo, imechomolewa. Aliyeniuzia sijui alikuwa anamficha nani. Belti ikikatika ukiwa mwendoni, valvu zinagongana na pistoni, kwa hiyo wiki hiyohiyo ilibadilishwa, na balbu nimerudisha.

Ule mpira wa kupimia nilimrudishia mzee umeoshwa kwa sabuni mara tatu. Akaunusa, akasema huo sasa haupimi nyumba ya mtu tena. Nimemnunulia mita kumi mpya.