Inveta na betri ya lithiamu: miezi saba nyumbani kwetu Pasua

Nilinunua inveta hii, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kutumia nyumbani, kwa sababu ya usiku mmoja wa Februari, kwa hiyo naanzia hapo.

Mama yangu naishi naye hapa Pasua, Moshi. Ana kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Siku hiyo umeme ulikatika saa nne usiku, tukalala na joto letu. Saa nane nikamsikia anaongea peke yake. Nikaenda nikipapasa ukuta, nikamgusa: gauni limelowa jasho chapachapa. Akaniita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Simu yangu ilikuwa imezima, tochi haina mawe. Nikawasha mshumaa, nikakipata kipimo cha sukari, lakini mkono ulitetemeka hata sikuona kama tone la damu limeingia kwenye stripu. Kikasoma 2.3, na chini ya 4 tayari sukari imeshuka vibaya. Alikuwa bado anameza, nikamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nusu ikamwagikia kifuani. Baada ya robo saa kikasoma 4.6.

Asubuhi akaniuliza, "Mwanangu, mbona gauni langu linanata?" Hakumbuki chochote. Nilipomsimulia alinyamaza muda mrefu. Angekuwa amezimia kabisa nisingemmiminia kitu mdomoni, maana kinaweza kuingia mapafuni. Wa hivyo hukimbizwa hospitali.

Wiki iliyofuata nilichukua hela yote ya oda ya sare za shule (mimi ni fundi cherehani) nikaenda mjini. Inveta ya wati 1,000 pamoja na betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, na ufundi: shilingi 1,450,000. Ni hela nyingi kwangu na sitaficha kwamba iliniuma.

Betri ya jeli ya ukubwa huohuo ilikuwa nafuu zaidi. Muuzaji alinieleza jambo ambalo sasa naliamini: ile ukiitumia kupita nusu kila mara inakufa mapema, ya lithiamu unaishusha hadi karibu na mwisho. Kabla ya hapo tuliwahi kujaribu betri kuukuu ya gari na inveta ya bei rahisi. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuwasha taa usiku kucha kuliiua ndani ya miezi miwili. Na ile inveta ya bei rahisi ilifanya friji ingurume na kupata moto. Hii mpya inatoa umeme laini kama wa nguzo, friji haijui tofauti.

Friji ndiyo kazi yake kubwa. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ile anayotumia Mama sasa huvumilia nje wiki nne, ila joto lisizidi nyuzi 30, na chumba chetu Februari mchana kinapita hapo. Mwezi wa tano nguzo ya mtaani iliangukiwa na mti, tukakaa bila umeme kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Friji dogo, taa tatu, simu, na cherehani kwa saa chache: betri ilibaki asilimia 31. Wanaosema mgao umekwisha tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024 wana haki ya kufurahi, megawati 2,115 si haba, lakini bwawa halizuii mti kuangukia nguzo ya Pasua.

Sasa malalamiko. Muuzaji aliniambia pasi itabeba. Haibebi. Ukiichomeka, inveta inalia na kuzima. Kosa la fundi wao lilikuwa kubwa zaidi: aliunganisha soketi zote za nyumba. Jioni moja mtoto wa dada akachomeka jagi la umeme wakati tuko kwenye betri, nyumba nzima ikazima, na taa ya chumba cha Mama ikiwemo. Nilipiga simu nikiwa na hasira kweli. Walikuja kesho yake, wakatenganisha njia bila malipo: upande wa betri umebaki na friji, taa, na soketi mbili tu. Kazi hiyo ingefanywa siku ya kwanza. Ukinunua, simama na fundi umwonyeshe kwa kidole soketi ipi iingie na ipi ibaki nje.

Risiti ya dhamana ni ya karatasi ile inayofifia kwa joto. Mpaka Agosti maandishi yangu yalikuwa yamekaribia kupotea. Nashukuru nilitoa nakala. Feni ya inveta nayo ina kelele, usiiweke chumba cha kulala.

Juzi umeme ulikatika saa tisa usiku. Taa ya kolido ilipepesa mara moja, ikarudi. Nilimkuta Mama ameketi kitandani, kipimo mkononi, miwani usoni, anajipima mwenyewe. "Nilihisi mwili mzito," akasema, akanionyesha namba: 5.9. Akaniambia nikalale.