Habu ya USB yenye matundu manne: uzoefu wangu wa miezi mitano katika steshenari, Mwanga, Kigoma

Niliinunua habu hii kwa shilingi 28,000 katika duka moja la vifaa vya kompyuta hapa Kigoma mjini. Kwa asiyeifahamu, habu ni kile kisanduku kidogo chenye waya mmoja unaochomekwa kwenye kompyuta, nacho huligawa tundu moja la USB kuwa matundu kadhaa. Hii yangu ina manne, yote ya rangi ya buluu, na ubavuni ina kitundu cha mviringo cha kuingizia umeme wa adapta. Adapta yenyewe haikuwamo kwenye boksi, wala muuzaji hakuitaja. Nimeanza na jambo hilo kwa sababu sehemu kubwa ya usumbufu nilioupata ilitoka hapo.

Laptopu yangu ina matundu mawili tu ya USB, la buluu upande wa kushoto na jeusi upande wa kulia, ilhali kazi ya steshenari inanitaka niwe na printa, skana, diski ya nje ya kuhifadhia kazi za wateja, na nafasi ya flashi zinazoletwa na kuondoka siku nzima. Kabla ya habu nilikuwa nikichomoa skana ili nichomeke printa, kisha nichomoe printa ili nifungue flashi ya mteja, na mwisho wa siku tundu jeusi lilikuwa limeanza kulegea kwa kuchokonolewa. Wiki mbili za kwanza habu ilinipumzisha na adha hiyo yote, nami nikaisifia kwa kila aliyeniuliza.

Asubuhi moja, mbele ya foleni ya vijana waliokuja kuskani vyeti vya kuombea kazi, diski ya nje ilianza kutoa mlio wa kugonga, tik, tik, kisha kompyuta ikalia ule mlio wake wa kifaa kilichochomolewa, ingawa hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Sekunde chache baadaye skana ikatoweka, printa nayo ikafuata, na kwenye kioo ukatokea ujumbe kwamba kifaa cha USB hakitambuliki. Nilipochomoa na kuchomeka upya, vyote vilirudi kwa dakika mbili au tatu kisha vikapotea tena.

Fundi wa jirani aliitazama, akaitikisa sikioni, akasema, "Mwalimu, hii imekufa, nunua nyingine." Sikumwamini, kwa kuwa taa yake ilikuwa ikiwaka na flashi ikichomekwa peke yake ilifunguka bila tatizo. Kitu kilichokufa hakifanyi kazi nusu.

Nilianza kwa kutenganisha. Kila kifaa nilikichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, kimoja kimoja, na vyote vilitambulika, kwa hiyo ubovu haukuwa wa diski, skana wala printa. Kisha nikafungua orodha ya vifaa katika Windows, ile Device Manager, na kukuta kifaa kisichojulikana chenye alama ya njano na namba 43. Namba hiyo ina maana kwamba Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti hitilafu, lakini haisemi hitilafu hiyo imetoka wapi. Nilikiondoa kwenye orodha kisha nikaiwasha kompyuta upya kwa Restart. Hapa ninasisitiza Restart, kwa kuwa katika Windows 10 na 11, kama ile namna ya kuwaka haraka haijafungwa, kuzima kwa kawaida hakuuzimi mfumo wote. Kompyuta huhifadhi sehemu ya hali yake ya zamani na kuirejesha inapowaka, pamoja na mkorogano uliokuwamo. Kifaa kilirudi vizuri. Nilipochomeka diski, vikaanguka vyote tena.

Nilichelewa kukumbuka kwamba siku moja kabla ya tatizo kuanza nilikuwa nimeisogeza meza mbali na dirisha kwa ajili ya vumbi la barabarani, na kwa kuwa waya wa habu ni mfupi, niliuhamisha kutoka tundu la buluu la kushoto kwenda tundu jeusi la kulia. Sikuona tofauti, maana waya uliingia kote kuwili. Kumbe tofauti ipo, na ni kubwa. Kwa kawaida, ingawa si kila mtengenezaji anazifuata rangi hizo, tundu jeusi ni la USB 2.0, ambalo kwa kanuni hutoa umeme wa volti 5 usiozidi miliampea 500, na la buluu ni la USB 3.0, ambalo hutoa hadi miliampea 900. Habu isiyo na adapta haina umeme wake. Vifaa vyote vinne vinagawana kile kidogo kinachotoka kwenye tundu moja la kompyuta. Skana yangu ni ya aina isiyo na waya wa ukutani, hivyo yenyewe peke yake inaweza kumaliza karibu fungu lote la tundu jeusi. Diski nayo, pale sahani zake zinapoanza kuzunguka, hudai umeme mwingi kuliko inapokuwa imetulia. Ule mlio wa kugonga ulikuwa wa diski inayojaribu kuzunguka na kushindwa, na ilipouvuta umeme, volti zilishuka kwa habu nzima. Ndiyo maana hata printa, ambayo inatumia umeme wa ukutani na haikuwa na njaa yoyote, ilipotea pamoja na wenzake.

Niliirudisha habu kwenye tundu la buluu na hali ikawa afadhali, lakini skana na diski zikifanya kazi kwa pamoja bado iliyumba. Ilibidi nitafute adapta. Yule yule fundi, kwa nia njema, alinyanyua adapta ya ruta iliyokuwa mezani kwake na kutaka kuichomeka kwa kuwa pini ilienea vizuri. Nilimshika mkono. Adapta ile iliandikwa volti 12, na habu yangu imeandikwa kwa chini, kwa maandishi madogo mno, volti 5. Angeichomeka, habu ingeweza kuungua pamoja na vilivyochomekwa ndani yake, hata laptopu. Nilipata adapta ya volti 5 na ampea 2 kwa shilingi 9,000, nikahakikisha kwamba mchoro wa chanya na hasi ulioko kwenye adapta unalingana na ule wa habu, na tangu siku hiyo diski haijagonga tena.

Hata hivyo skana iliendelea kutoweka kila nilipokaa kama robo saa bila kuitumia. Hilo lilikuwa tatizo jingine, na halikuhusu uchache wa umeme: Windows huvizimisha vifaa vya USB visivyotumika ili kutunza betri, na baadhi ya vifaa haviamki vizuri. Katika Device Manager nilifungua kila mstari wa USB Root Hub, nikaingia sehemu ya Power Management na kuondoa alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Skana sasa inashinda kutwa nzima bila kupotea.

Lipo na la mausi isiyo na waya. Kile kipokezi chake kidogo nilikuwa nimekichomeka kwenye habu kando ya diski, na kila nilipohamisha mafaili makubwa mshale uliruka-ruka kama panzi. USB 3.0 inaposafirisha data hutoa mawimbi yanayoingilia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo mausi nyingi hutumia. Nilikihamishia kipokezi kwenye tundu jeusi la laptopu, mbali na habu, na mshale ukatulia.

Adapta nayo ilileta kasoro ambayo sikuitarajia. Umeme ukikatika, laptopu huendelea kwa betri yake, lakini habu hupoteza umeme wa adapta papo hapo na diski huanguka katikati ya kuandika. Faili moja la mteja wangu wa Kibirizi, orodha ya mauzo yake ya dagaa, liliharibika kwa namna hiyo, na ilinibidi nilichape upya usiku. Sasa ninatumia waya wenye USB upande mmoja na pini ya mviringo upande wa pili, nao nimeuchomeka kwenye pawabanki inayotoa volti 5. Inafaa, ila pawabanki yangu hujizima ikiona hakuna kinachovuta umeme wa kutosha, hivyo diski ikilala muda mrefu inanibidi niibonyeze.

Kwa bei yake ninaipa habu hii nyota tatu kati ya tano. Matundu yake hayajalegea na mwendo wa kunakili kwenye diski ni mzuri inapokuwa kwenye tundu la buluu. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya boksi lisilo na adapta, na nyingine kwa sababu karatasi ya maelezo inasifia matundu manne bila kusema popote kwamba hayawezi kulishwa yote na kompyuta peke yake. Anayetaka kuchomeka kibodi, mausi ya waya na flashi hana haja ya adapta. Mwenye diski au skana ahesabu bei kuwa shilingi 37,000, si 28,000. Mimi kando ya tundu jeusi nimebandika kipande cha plasta kama alama ili kijana wangu wa dukani asije akairudishia habu huko.