GLAD ya Chuo Kikuu cha Maryland: ramani za misitu za bure, nawapa nyota nne

Wale mnaoniulizaga zile ramani zenye vidoti vya pinki (pinki ni pale miti ilipopotea) nazitoa wapi, ni hawa jamaa wa maabara ya GLAD, Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani. Ndo walitoa ile ramani ya 2013, kazi iliyoongozwa na Matthew Hansen, walichambua picha 654,178 za setelaiti ya Landsat kwenye kompyuta za Google wakaonyesha dunia nzima miti ilipopotea na ilipoota kuanzia 2000 hadi 2012, na toka hapo kila mwaka wanaongeza mwaka mpya. Hulipi kitu, gharama yako ni bando tu.

Wengi tunaziona kupitia tovuti ya Global Forest Watch, unafungua, unavuta ramani mpaka wilayani kwako. Mi natumia na kamati ya maliasili ya kijiji kimoja huku kusini, msitu wao wa miombo ni mkubwa kuzunguka kwa mguu haumalizi, sasa badala ya doria kwenda kubahatisha wanaangalia kwanza tahadhari mpya, yaani alama za setelaiti kwamba miti imepotea karibuni, zimetokea upande gani ndo wanapanga njia. Kwa hilo sina la kuwadai, kwa kweli wametusaidia.

Ila jamani msisome pinki kama mnasoma hukumu ya mahakama. Kwao mti ni mmea wowote unaozidi mita 5, hawaulizi umepandwa au umeota wenyewe. Nenda kaangalie Mufindi, pale Sao Hill pamejaa pinki utadhani Iringa imeisha, kumbe ni misonobari ya shamba la serikali inavunwa na kupandwa tena. Kuna mtu akiona hiyo anapiga skrinshoti anatupia kwenye grupu, "tumekwisha", watu wanaanza kutukanana bure.

Kingine, kila pikseli ni mita 30 kwa 30, yaani chini kidogo ya robo eka. Mtu akifyeka shamba la ufuta anaonekana vizuri tu. Mchoma mkaa anayechagua mti mmoja hapa, mwingine kule, huyo mara nyingi anapita, na huku kwetu hao ndo wengi. Masika nayo mawingu yanaziba, Landsat haioni kitu chini, hasa milimani kama Uluguru, taarifa inakuja ukungu umeshaondoka na magogo yameshaondoka. Halafu miombo inapukutisha majani kiangazi na moto unapita kila mwaka, kwa hiyo tahadhari ya Septemba mi siiamini mpaka mtu afike pale akute kisiki. Sasa hivi kuna mfumo mwingine wa DIST-ALERT waliotengeneza na NASA, huo unaangalia mimea yote siyo misitu peke yake, mzuri kwa mbuga, lakini moto wa nyasi nao unaingia humo humo.

Wanaoandika ripoti nao wawe makini. Usichukue 2005 ukailinganisha na 2020 ukasema ukataji umepanda mara kadhaa, kwa sababu njia ya kupima imeboreshwa njiani na setelaiti mpya ya Landsat 8 iliingia 2013, kwa hiyo miaka ya karibuni inanasa vitu ambavyo zamani vilikuwa vinapita. Watengenezaji wenyewe wanalisema hili, wasomaji ndo wanaruka.

Nyota ya tano nimeibana kwa ajili ya mkaa, siyo kwa ubaya.

Ukitaka kuanza, kwenye Global Forest Watch ile sehemu ya kuchagua asilimia ya kivuli cha miti (ardhi iliyofunikwa na matawi) imewekwa 30, kwa miombo ishushe iwe 10 la sivyo sehemu ya msitu wenu yenye miti michache haitahesabika. Kwa doria weka kwenye simu programu ya Forest Watcher, inafanya kazi bila mtandao, ila eneo lako lipakue ukiwa bado mjini kwenye waifai, na simu iwe na chaji maana GPS inakula betri vibaya mno.