TAHADHARI: Wanakata fenda kwanza, bei halisi unaambiwa baadaye

Ndugu zangu wenye Prado, Surf, Jimny na Land Cruiser mnaotaka kuvalisha magari yenu matairi makubwa, hasa mlioko Arusha na Moshi, naomba mnisome kabla hamjatoa hata kianzio. Kuna mchezo unachezwa na baadhi ya wauza matairi ya mtumba wanaotoa pia huduma ya kukata fenda, yaani lile bati la juu ya tairi, ili tairi kubwa lienee. Mimi wamenipiga milioni tatu na laki tatu na nusu, ikaniingia nyingine milioni moja na laki moja kurekebisha walichoharibu, na gari likakaa juu ya mawe wiki tano. Jina la gereji silitaji. Nataka muujue mchezo wenyewe, muutambue popote mtakapoukuta.

Ni hivi: gari lako linakatwa kabla hamjamaliza kuelewana. Bati likishakatwa, gari halina pa kwenda. Huwezi kuliwasha ukaondoka kwa hasira, huwezi kusema "basi nipe hela yangu nikatafute kwingine". Kuanzia hapo bei anaipanga yeye.

Nina duka la dawa za mifugo, na kila baada ya wiki mbili napeleka mzigo Simanjiro: Terat, Emboreet, Sukuro, wakati mwingine mpaka Orkesumet. Anayeijua njia ile wakati wa masika analijua lile tope jeusi. Linajaa kwenye kashata, yale meno ya tairi, mpaka tairi linakuwa laini kama limepakwa mafuta, na gari linaanza kwenda linakotaka lenyewe. Prado yangu ni ile ya toleo la 95 (si mwaka), ya injini ya 1KZ, na ilikuwa na saizi yake ya kawaida, 265/70R16. Nikataka 285/75R16 za matope, zile wanazoziita inchi 33. Kwa hesabu, tairi hilo lina kimo cha milimita 834 dhidi ya 777 za lile la mwanzo. Gari linainuka karibu sentimita 3 tu, lakini kwenye tope sentimita 3 si haba.

Winga mmoja, dalali wa mtaani, alinikuta naulizia bei, akanipeleka kwa "fundi wa off-road". Tukakubaliana 2,400,000 kwa kila kitu: matairi manne, kukata fenda, na plastiki za kuzipanua. Nikatoa nusu. Nikaenda kula. Niliporudi baada ya kama dakika 40, fenda zote nne zilikuwa zimeshapigwa grenda.

Hakuna aliyepima. Nasema kwa uhakika, kwa sababu yale matairi mapya yalikuwa bado yamelazwa pembeni, hakuna hata moja lililofungwa. Mtu anakataje nafasi ya tairi ambalo hajalivisha gari? Na matairi yangu ya zamani hayakuwepo. Winga alikuwa ameshaondoka nayo, ati ndiyo malipo yake. Nimesimama pale naliangalia gari langu limening'inia kwenye jeki, kingo za bati zimechongoka kama msumeno, fundi ananiambia, "Bosi, hizi za nyuma zina bati mbili, kazi imeongezeka. Ongeza laki saba tumalize." Ningefanya nini? Nikaongeza.

Mnielewe hapa: kuhusu bati mbili hakudanganya, na kila fundi bodi analijua hilo kabla hajashika grenda. Fenda ya mbele imefungwa kwa nati. Ukiiharibu unatafuta nyingine ya mtumba unafunga, maisha yanaendelea. Ya nyuma ni sehemu ya bodi. Ina bati la nje na bati la ndani, na yanakutana kwenye ule ukingo wa upinde wa tairi. Ukikata juu ya ukingo, yale mabati mawili yanaachana na panabaki tundu linaloingia ndani ya bodi. Kazi halali ni kulichanachana bati la ndani, kulikunja likutane na la nje, kulichomelea, kuziba, kupiga praima na rangi. Wale wangu walijaza puti. Wakapaka rangi nyeusi ya kopo, wakafunika kwa plastiki. Ukiliangalia kwa nje, gari lilipendeza kweli. Hata mke wangu alilisifia.

Tatizo la kwanza lilijitokeza siku hiyohiyo. Nakata kona kwenye kipilefti, nasikia kitu kinakwaruza mbele, upande wa kushoto. Taa ya ABS, ile ya mfumo wa breki, nayo inawaka. Nikarudi. Wakaniambia taa itazima yenyewe, na dawa ya kukwaruza ni spesa za kusogeza tairi nje, 250,000. Nikalipa tena, jamani, kwa sababu nilikuwa sijui. Spesa inalitoa tairi nje, ni kweli, lakini likitoka nje, unapokata usukani linazunguka kwa duara kubwa zaidi, linafuata bampa mbele na bodi nyuma. Kukwaruza kuliongezeka. Mahali palipokuwa panagusa hapakuwa kwenye fenda kabisa. Palikuwa nyuma ya tairi la mbele, pale ambapo kuna mshono wa bati na kile kikono cha chesisi kinachobeba bodi. Kwa wenye Prado wanaovaa inchi 33 hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Walikata pasipohitaji kukatwa na kuacha panapogusa.

Safari ya kwanza ya Terat ndiyo iliyonifumbua macho. Gurudumu la nyuma kulia liliingia shimoni, springi ikabonyea mpaka mwisho, nikasikia mlio kama turubai linachanwa. Ukingo wa bati ulikuwa umelichana tairi begani, chale ya urefu wa kiganja. Hawakupiga tupa, hawakuvisha mpira wa ukingo, bati limeachwa kama wembe chini ya plastiki. Nikafungua tairi la akiba pale mlangoni, na lenyewe ni lile la 265, kwa sababu waliniuzia manne na hakuna aliyenikumbusha la tano. Prado ya 95 inavuta magurudumu yote manne muda wote. Ukiiendesha na tairi moja dogo kuliko mengine, difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi kila mita unayokwenda. Nilirudi Arusha polepole huku nainusa kama kuna oili inayoungua.

Lakini kabla ya kuondoka pale nililigeuza lile tairi lililochanika, na ndipo nikaona walichokuwa wamekificha. Kila tairi lina herufi za DOT ubavuni, na mwishoni zina tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu hizo mara nyingi zipo upande mmoja tu wa tairi. Langu lilikuwa limefungwa upande huo ukiangalia ndani, chini ya gari, usione. Zilisomeka 1411. Wiki ya 14, mwaka 2011. Nikalala chini na simu, nikapiga picha mengine yote. Moja 1411, moja 0810. La nne tarakimu zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa, pamebaki doa laini. Na tope la njiani lilikuwa limeiosha ile rangi nyeusi waliyoyapaka. Ubavu wote ulikuwa na nyufa kama udongo wa mbuga kiangazi.

Kashata nazo nilizokuwa najivunia zilikuwa zimechongwa. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo, na ubavuni pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Kashata ikilika ikafikia usawa wa kituta, tairi limekwisha. Kwenye yangu mfereji ulikuwa umepita katikati ya kituta, umekikata kama kisu kinavyokata mkate. Kiwanda hakifanyi hivyo. Ni mtu alichukua tairi kipara, akatumia chuma cha moto akachimba mifereji upya, na chini yake hapakubaki mpira wa maana. Tairi linaloruhusiwa kuchongwa upya huandikwa REGROOVABLE ubavuni, na hayo ni ya malori na mabasi. Haya ndiyo matairi niliyopakilia mzigo nikampakia na kijana wangu wa kazi. Kila nikikumbuka nasikia baridi mgongoni.

Fundi bodi mwingine, mzee mtaratibu sana, ndiye aliyelifungua gari. Alipobandua plastiki ya nyuma, puti ilimwagika chini vipande vipande, akaingiza mkono mzima kwenye lile tundu na kuutoa umejaa tope. Mbele kushoto akakuta waya wa sensa ya ABS umekatwa na grenda, ukasokotwa kwa vidole na kufungwa tepe. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hivi kazi hii inawezekana kufanyika vizuri?" Akanijibu inawezekana, akanionyesha kwenye gari hilohilo. Unafunga kwanza tairi moja la saizi unayotaka. Unatoa springi upande huo, unainua gurudumu kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake, halafu unakata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Panapogusa unaweka alama ya chaki. Alama ndiyo inayokatwa, na ule mshono wa nyuma ya tairi la mbele haukatwi, unalazwa kwa nyundo na kupakwa rangi. Ukikata unapiga tupa, praima, rangi, mpira wa ukingo. Kazi ya siku mbili au tatu. Anayekuambia "kaa hapo dakika chache, fasta tu" hajui kazi au anajua anachokufanyia.

Kwa hiyo ukienda popote, yaone matairi yakiwa chini na uyasome pande zote mbili kabla hayajafungwa. Akikataa ondoka, bado gari lako ni zima. Bei iandikwe, na iandikwe kwamba inahusu kukata, kuchomelea na rangi. Usiondoke kwenda kula. Hakikisha matairi yako ya zamani yamefungiwa ndani ya gari lako mwenyewe. Nunua matano au usinunue. Na ujue kwamba baada ya hapo spidi ya dashibodi inapungukiwa: ikisoma 50, kwa hesabu unakwenda karibu 54, na tochi ya trafiki haitakuuliza umevaa saizi gani. Kama una bima kubwa, waambie bima kwamba gari limebadilishwa kabla hawajaligundua wao siku ya ajali.

Kosa langu lililonifunga mikono ni risiti. Sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa karatasi ya daftari yenye sahihi isiyosomeka. Nilipotaka kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, nilikuwa na picha nyingi za bati na matairi, ila hakuna kitu kinachoonyesha nani aliniuzia na kwa bei gani. Nyie daini, hata wakisema mashine imeharibika. Subirini itengenezwe.

Gari sasa limerudi kwenye 265/70R16. Nimenunua matano, yote ya mwaka mmoja.

Wiki iliyopita yule winga alikuja dukani, tena kwa heshima zote, "shikamoo mzee", akiniuliza yale matairi makubwa nimeyaweka wapi, kuna mteja anayataka. Nilimwambia hayauzwi. Alipoondoka nilichukua kisu nikazunguka nyuma ya duka, nikayachana ubavuni yote manne.